Wimbo Waliouita kwa Jina Lako

Kibiti, baada ya swala ya Alasiri

Mwanangu Tatu,

Zamani barua ilianza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: mchana umekula sahani mbili za wali, na sasa nakusikia chumbani ukigombana na zipu ya begi. Hali yangu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, nami nitaieleza humu polepole. Umeme umekatika tangu adhuhuri, kibanda nimekifunga mapema, na nimekaa hapa barazani bila kitu chochote kinachoimba pembeni yangu. Nilikuwa nimesahau ukimya wa nyumba hii ulivyo.

Basi lako ni kesho alfajiri. Habari za chandarua, za sweta, za kutopokea chakula cha mtu usiyemjua njiani, mama yako amekwisha kukwambia mara tatu, na ya nne atakwambia umeshakaa kitini. Kwenye hayo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, nalo ni kosa langu. Nimelizunguka wiki mbili. Nikilisema kwa mdomo nitaanza kujieleza, na nikianza kujieleza unanijua, nitamaliza kwa kukuwekea wimbo. Nimeona niliandike, ulisome peke yako.

Lazima nianzie mbali kidogo. Kabla hujazaliwa nilikuwa Mbuchi, nalima mpunga na bibi yako, kazi nyingine sina. Akaja Mwalimu Lusajo, huyu huyu unayemwita baba mdogo, kapangiwa shule ya msingi kutoka kwao Mbeya. Alishuka botini na begi moja la nguo, paneli ya sola, na kompyuta aliyoivisha mfuko wa plastiki juu ya mfuko wa plastiki. Watu wakasema huyu hamalizi mwezi. Siku moja ya mvua nilimpelekea samaki, nikakuta mlango umefungwa na ndani kunalia ngoma. Ilikuwa ngoma nzito isiyo na haraka, kama mtu anayetwanga huku anawaza mambo mengine. Chini yake kulikuwa na besi niliyoisikia miguuni kabla ya masikioni. Kisha akaingia mwanamke, anaimba kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili.

Nikabisha hodi. "Mwalimu, huyo mama anaumwa?"

"Haumwi, Bwana Omari. Karibu ukae. Ila usiseme neno mpaka uishe. Wimbo haukatwi."

Nilikaa na samaki mkononi mpaka ukaisha, kisha nikamwomba aurudie.

Wenyewe huko Ulaya huuita trip-hop, na ndugu yake huitwa downtempo. Kwetu ulimi ulikataa. Tukauita muziki wa kupwa, kwa sababu Mbuchi maji yakipwa na boti yako imekaa juu ya tope, huna la kufanya ila kukaa na nafsi yako mpaka yajae tena. Muziki ule ndivyo ulivyo, hauna safari. Mama yako hadi leo anauita muziki wa wagonjwa. Nilipomchumbia nilimpelekea redio ndogo yenye nyimbo sita za kupwa, akairudisha kesho yake kwa mdogo wake na ujumbe kwamba kama nina homa niende zahanati. Alinikubali kwa sababu nyingine ambazo hajawahi kunitajia.

Tulipohamia Kibiti ulikuwa na miaka mitatu. Nikafungua kibanda cha kujaza nyimbo pale karibu na stendi. Kazi unaijua: mtu analeta kadi ya simu yake, anataka taarabu, singeli, kaswida, namjazia, anaondoka. Sasa, muuza mchele akishajaza kopo hutupia konzi moja juu, ndiyo nyongeza, na asiyeitoa wateja humkimbia. Nyongeza yangu mimi ilikuwa nyimbo mbili tatu za kupwa mwishoni mwa kadi. Siulizi wala sisemi, natia tu.

Wengi walizifuta. Bi Mkasi alikuja na masuke matupu ya mpunga akayamwaga juu ya meza yangu. Alikuwa shambani anaamia ndege, taarabu zake zikaisha, nyongeza ikaanza, akapitiwa na usingizi, ndege wakala pembe nzima ya shamba. "Weye Omari," akanambia, "mie nikitaka kulala nna kitanda." Nilimwomba radhi, na kadi yake sikuitia tena kitu.

Lakini baada ya hapo akaja mvuvi mmoja wa Maparoni, mtu mzima, hana maneno mengi. "Ile ya mwisho," akasema, "ile isiyo na mwimbaji. Tulipwelewa mtoni, tumekaa saa nne juu ya tope, tumeirudia mpaka simu ikazima. Unayo nyingine?" Mwanangu, kwa mtu anayependekeza nyimbo hakuna neno tamu kuliko hilo, unayo nyingine. Siku ile nilitembea mjini kama nimeoa mke wa pili. Mwaka ulipokwisha tulikuwa wasikilizaji kumi na kitu, wa bara na wa visiwani huko delta, na Mwalimu akatufungulia kundi la simu akaliita Watu wa Kupwa. Kila Jumapili jioni mmoja wetu anatuma wimbo, na kabla ya wimbo anatuma sauti yake akieleza kwa nini anaupendekeza.

Nilijifunza mengi mle. Nilijifunza kwamba mwenye njaa usimpe wimbo wa dakika tisa. Mtu aliyeachwa na mchumba usimpe wa huzuni wiki ya kwanza, mpe wenye ngoma tupu, maneno atayatia mwenyewe. Na anayekwambia "mzuri" haraka haraka, huyo hajausikia. Hayo yote niliyajua, nikawa nayafundisha wenzangu, na nilijiona mtu mwenye sikio.

Habari ya maulidi unaijua, maana kila mgeni akija naisimulia. Kamati ya msikiti iliniomba kadi ya kaswida za kuwekwa kwenye spika kubwa wakati watu wanakunywa kahawa. Nikazijaza vizuri, na mkono kwa mazoea ukatia nyongeza. Kaswida zikaisha, ngoma ya kupwa ikaanza, na hakuna aliyeinuka. Babu yako mzaa mama alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu kabisa, dakika nne nzima, mpaka alipoingia yule mwanamke na kupumua kwenye maikrofoni kama anavyopumua. Babu hakunisemesha mpaka mfungo wa mwaka uliofuata. Nalisimulia kosa hilo kwa sababu linachekesha, na kosa linalochekesha mtu hulivaa kama kofia. Lipo jingine ambalo sikuwahi kulikiri, kwa kuwa miaka yote hii nilikuwa nalisimulia kama sifa.

Wewe ulikulia kwenye kigoda cha kibanda kile. Ile sheria ya Mwalimu niliichukua nikaifanya ya nyumba nzima. Wimbo ukiwa unalia hakuna kusema, hakuna kuomba maji, hakuna kuuliza. Nikiinua kidole, umenyamaza. Siku moja, una miaka sita, ulikaa ukibana magoti mpaka wimbo ukaisha na kigoda kikawa kimelowa. Nilicheka, nikawaambia watu, mwanangu anapenda muziki mpaka anasahau choo. Leo nalitazama vingine. Mtoto anayeona afadhali ajikojolee kuliko kumkatiza baba yake, huyo hajasahau choo.

Sasa nimefika.

Ulikuwa kidato cha pili. Siku ya shule, saa nne asubuhi, nilikuona unakuja mbio kutoka stendi, sare imelowa jasho, huna hata daftari. Mzazi mwingine yeyote angeuliza kwa nini hauko darasani. Mimi asubuhi ile Mwalimu alikuwa amenitumia wimbo ambao sikuwahi kusikia mfano wake, nimeusikiliza mara tatu peke yangu, nami nilikuwa natafuta mtu wa kumsikilizisha. Wa kwanza kufika ukawa wewe.

"Baba," ukasema.

"Ngoja. Sikiliza huu kwanza."

"Baba, kuna..."

"Tatu. Wimbo haukatwi."

Nikakuvika hedifoni, zile kubwa nyeusi. Ukataka kuzivua. Nikakushika masikio kwa mikono yangu miwili nikazishikilia pale pale, kwa mapenzi, nakuapia, na nikafumba macho ili uone jinsi wimbo unavyosikilizwa. Dakika saba. Nilipofumbua, ulikuwa unatazama stendi, na machozi yanakutiririka mpaka kwenye kola.

"Umeona?" nikakwambia.

"Mzuri, baba," ukasema haraka, ukarudi shule.

Jioni yake nilinunua vitumbua kwa furaha. Nikalitangazia kundi: binti yangu, miaka kumi na mitano, kausikia mara moja tu, kalia. Jina lenyewe la wimbo lilikuwa refu la kigeni, hakuna aliyelishika, wakauita Wimbo wa Tatu. Kwa miaka minne nimeupendekeza kwa jina hilo. Mtu akija ameelemewa namwambia, subiri, nina ule uliomliza mwanangu. Wimbo huo umelia kwenye boti za Mbuchi na Maparoni, umelia kwenye harusi ya binamu yako, aliuomba mtu ambaye hata simjui. Nawe kila wimbo ulipoanza ulikuwa unatoka nje, na mimi nikiwaeleza watu kwamba bado unakugusa.

Wiki mbili zilizopita, mchana, alikuja kibandani mwanamke kijana, na mtoto wa kike wa kama miaka mitatu amemshika kidole. Sikumtambua mpaka aliponiamkia. Alikuwa Mwanaidi, binti wa Mzee Salumu wa Kiongoroni, yule mliyekaa naye dawati moja, uliyekuwa ukija naye hapa kila Jumamosi mkamaliza sukari ya mama yako.

"Shikamoo, baba Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea mno."

"Nimekuja nisikilize ule wimbo," akasema. "Wa Tatu. Kwetu wanaupiga, mie huwa naondoka. Leo nataka niusikie wote."

Nilifurahi, mjinga mimi. Nikamvika hedifoni zile zile. Alisikiliza mpaka mwisho, macho makavu, akazivua akaziweka mezani taratibu.

"Kwa hiyo ndo huu," akasema. "Siku mie nachukuliwa, yeye alikuwa anasikiliza huu."

Akanieleza, Tatu. Nami sasa nakwambia unayoyajua wewe, ili ujue kwamba nami nimeyajua. Asubuhi ile Mzee Salumu alikwenda shuleni akasema bibi yake Mwanaidi anaumwa. Walipofika stendi ndipo alipomwambia binti yake ukweli, kwamba kaposwa na nikaha ni Ijumaa. Gari la Nyamisati lilikuwa linangoja abiria liwahi boti kabla maji hayajapwa. Wewe uliwafuata kwa nyuma kutoka shule. Ukamwambia Mwanaidi dirishani, "Usilie. Namfuata baba. Baba akisema na mzee wako, hakatai." Na ulikuwa sahihi. Mzee Salumu alikuwa mtu wangu. Kila akija mjini alikuwa anakaa kwangu, anakunywa kahawa yangu, ananiuliza ushauri wa mambo madogo na makubwa.

Kutoka stendi mpaka kibandani ni hatua hamsini. Mwanaidi alikuona umefika. Halafu akakuona umevaa hedifoni, umesimama, mimi nimekushika kichwa. Gari likajaa, likaondoka, nawe umesimama pale pale.

"Nikasema, kumbe alikwenda kusikiliza muziki," akanambia. "Nimemchukia Tatu miaka minne, baba. Alinitumia salamu na watu wa boti, sikuzijibu hata moja."

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba ulikuja kusema, ukaanza mara mbili, na mara mbili nikakunyamazisha. Kwamba mikono ile aliyoiona ilikuwa inakuzuia. Kwamba ulilia ulipoona gari linaondoka, nami nikadhani umelizwa na besi. Alimtazama mtoto wake anavyochezea waya, kisha akauliza, "Sasa mbona hakukwambia baadaye?"

Jibu nimelitafuta tangu siku ile, na nadhani nimelipata. Ungeniambia baadaye, ingekuwa ni kuniambia kwamba mimi ndiye niliyemwacha Mwanaidi aende. Ulinionea huruma. Ukaamua kulibeba wewe, ukapoteza rafiki, na ukaninyamazia nikitamba na wimbo ule kwa jina lako. Kama nimebuni vibaya utanirekebisha. Lakini kama ndivyo, Tatu, naona aibu kuliko nilivyowahi kuona aibu mbele ya mtu yeyote. Mtoto hapaswi kumhurumia baba yake kwa kiasi hicho. Nisamehe. Naliandika neno hili peke yake, bila lakini wala kwa sababu.

Ile Jumanne niliyowaambia nakwenda Nyamisati kutazama spika, sikuishia Nyamisati. Nilipanda boti nikaenda Kiongoroni. Ndoa ya Mwanaidi ilivunjika mwaka jana, na yuko kwa baba yake. Nilimkuta Mzee Salumu nyuma ya nyumba anachonga nguzo za mikoko, nikakaa, nikamwomba nililotakiwa kumwomba miaka minne nyuma: amrudishe mtoto shule. Siku hizi njia ipo kwa walioachia katikati, na shangazi yake hapa Kibiti alishakubali kumpokea na mtoto. Nikamaliza, nikanyamaza. Hujui ilivyonigharimu kunyamaza. Mzee alichonga nguzo nzima kabla hajafungua mdomo.

"Omari," akasema, "siku ile nilikaa dirisha la upande wako. Nilikuona na mwanao. Nikasema moyoni, Omari akija akanambia neno moja, namteremsha mtoto. Mie nshatoa ahadi kwa watu, nataka mtu wa kunivunjia. Hukuja."

Labda alisema hivyo ili apunguze mzigo wake anitwishe mimi. Mtu mzima ana hila zake, na aliyemwoza mtoto ni yeye. Ila hata ukiugawa mzigo ule mafungu mawili, langu silioni kuwa dogo. Alikubali. Mwanaidi amekwisha kuhamia kwa shangazi yake, nyuma ya soko, na masomo ya watu wazima ataanza mwezi ujao.

Usidhani nimekuandikia hili ili unipongeze kwa kutengeneza. Miaka minne hairudi. Yeye anarudia kidato cha pili na mtoto ubavuni, wewe unakwenda Mwanza chuoni, na hilo sina wimbo wa kulifunika.

Jana niliwaambia pia Watu wa Kupwa. Habari za Mwanaidi sikuzitaja, ni zake. Nilisema tu kwamba Tatu hakulizwa na wimbo, alilia kwa sababu alikuja kwa baba yake na neno na baba yake hakulipokea, na kwamba naomba wasiuite tena kwa jina lake. Mwalimu Lusajo hakujibu mpaka jioni. Kisha akaandika, "Na mimi ndiye niliyekufundisha kwamba wimbo haukatwi." Nikamjibu kwamba sheria ilikuwa yake, mikono ilikuwa yangu. Akasema atakuja Jumapili tule pamoja.

Kuna kitu kimoja cha kunichekesha katika haya yote, nami nakupa ucheke pia. Miaka yote nimekuwa nikisema nyumbani kwamba wewe huna sikio. Nimewaambia watu, mwanangu ana moyo laini lakini muziki haumkai. Sasa kumbuka siku ile tuliyokwenda Mafia na boti ya mjomba wako. Watu wanaimba, wanapiga soga, mimi nimevaa hedifoni zangu. Wewe umekaa nyuma karibu na injini, umeinamisha kichwa. Ukasema, "Mjomba, plagi moja haichomi." Mjomba akakucheka mbele ya abiria. Nusu saa baadaye tukawa tunaelea, naye kavua shati anafungua plagi, moja ni nyeusi tii. Uliisikiliza injini ile mpaka ikamaliza kukwambia shida yake. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwako na sikusikia kitu. Mwanza watakufundisha majina ya vyuma na vipimo vyake. Kusikiliza unakwenda nako, na hukukupata kwangu.

Muziki wa kupwa sitauacha. Nikikwambia nimeuacha utajua naongopa kabla sentensi haijaisha. Bado naamini upo wimbo unaomfaa kila mtu aliyekaa juu ya tope akingoja maji, na nitaendelea kuutafuta nimpe. Ila nimeondoa nyongeza. Mtu akileta kadi namjazia alichoomba, na nikiona uso wake hauko sawa, nazima spika namuuliza kulikoni. Wiki hii watu wawili wamenieleza mambo yao mpaka wakasahau kuchukua kadi. Begi lako nalo sikulitia kitu, waweza kulikagua. Nilikuwa nimekuandalia nyimbo mia mbili na kumi, kwa mpangilio, za basini, za kusomea, za kukumbukia nyumbani. Ziko kwangu. Ukizitaka siku moja utaniomba, na usipozitaka hakuna ubaya.

Huko uendako utapenda mtu, au utapata rafiki, na utatamani kumpa vyote vinavyokupendeza kwa mara moja. Tabia hiyo umeirithi kwangu, nimekuona ukiwaelezea wenzako habari za kabureta. Mpe. Ni raha kubwa kumpa mtu kitu unachokipenda ukamwona anakipokea. Mimi nilisahau tu kumtazama usoni kabla sijampa.

Na mambo yakikuendea vibaya huko, yapo yatakayokwenda vibaya, nipigie. Mchana, usiku, saa ya swala, saa ya wateja. Nikianza kukwambia "ngoja", kata simu upige tena. Endelea kukata mpaka nijifunze. Mama yako nimemwomba anisimamie, amefurahi kupewa kazi hiyo kuliko ilivyopasa.

Nabakiwa na swali moja, na ni lako kulijibu. Leo asubuhi Mwanaidi alipita kibandani. Amesikia unasafiri. Anataka kuja kukuaga jioni hii, yeye na mtoto wake. Zamani ningemwambia njoo tu, nikufanyie mshangao, nikae pembeni nione mnavyokumbatiana, na kesho yake niwasimulie watu. Leo nilimwambia, "Ngoja nimuulize Tatu." Yuko kwa shangazi yake anasubiri. Alisema atasubiri mpaka Isha, na kwamba usipotaka ataelewa.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako. Mimi nipo barazani. Ukitoka, keti, useme chochote ulichonacho, kiwe cha hasira au cha miaka minne, nami nitakaa hapa mpaka umalize. Ukitaka kulala bila kusema, lala mwanangu, una safari ndefu.

Ukisema Mwanaidi aje, natoka sasa hivi kumchukua kwa miguu yangu. Ukisema asije, nitakwenda vilevile, nimwambie kwamba safari hii nilikuuliza, na kwamba nilisubiri jibu.

Baba yako,
Omari